Mji Unaoinuka: Habari za Bukoba Baada ya Tetemeko la Nchi

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mji wa Bukoba, ulioko magharibi ya Ziwa Victoria, jinsi ulivyopigwa na tetemeko la nchi katika mwaka 2016, na jinsi watu wake walivyoishi na kujenga tena baada ya msiba ule.

Labda mmoja wenu atauliza: Sisi watu wa Unyanyembe tuna haja gani na nyumba za Wahaya? Swali hilo ni halali, nalo lastahili jibu kabla hatujaendelea. Sisi tusemao nanyi tu walimu, tukaao Kanyenye katika mji wa Tabora, na kazi yetu ni kuwafunza vijana watakaokuwa walimu. Mji wetu huu umeishi kwa habari za mbali tangu zamani za misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe hata pwani, wakarudi na nguo na shanga na habari. Na kutoka hapa njia moja ilikwenda Ujiji, na nyingine ilielekea kaskazini, ikapita Karagwe hata Buganda. Karagwe hiyo ni jirani ya Bukoba. Basi njia ni ile ile ya babu zetu, na msafiri mwenye akili huwauliza waliotangulia habari za hatari iliyoko mbele, wala hangoji kuiona mwenyewe. Waswahili wamekwisha kusema: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Kwanza tutawaeleza jambo lenyewe lilivyokuwa. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa 9 na dakika 27 alasiri, nchi ilitikisika katika Mkoa wa Kagera. Ukubwa wa tetemeko hilo ulipimwa kuwa 5.9, na chanzo chake kilikuwa chini sana ya ardhi, upande wa Misenyi, karibu na mpaka wa Uganda. Mtikisiko ulisikiwa mbali, hata Mwanza, na Uganda, na Rwanda. Watu 17 walitangazwa kuwa wamekufa, na zaidi ya 250 waliumia. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka kabisa, na nyingine kwa maelfu zilipasuka kuta zake hata zisifae kulala mtu. Shule kubwa mbili za sekondari, Ihungo na Nyakato, ziliharibika vibaya zikafungwa kwa muda.

Angalieni siku na saa. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Watoto wengi hawakuwamo madarasani, na watu wengi walikuwa macho, sokoni, shambani, au barazani. Kama nchi ingalitikisika saa 4 asubuhi ya Jumatatu, madawati yakiwa yamejaa, au saa 8 usiku, kila mtu kitandani, twaogopa hata kufikiri hesabu ya maiti ingalikuwa ngapi. Jambo hili tuliweke moyoni, maana tutalirudia.

Sasa, tetemeko la nchi ni nini? Wako wazee waliosimulia kwamba dunia yachukuliwa na ng'ombe, na akichoka huihamisha kutoka pembe moja hata pembe ya pili. Ni hadithi nzuri ya jioni, lakini haimsaidii mtu kujenga nyumba. Wenye elimu ya miamba wamechunguza, wakaona kwamba ganda la dunia si kitu kimoja kizima, bali limegawanyika vipande vikubwa, na vipande hivyo husogea polepole sana. Katika Afrika ya Mashariki nchi yapasuka taratibu katika Bonde la Ufa. Tawi moja la bonde hilo lapita Kenya na katikati ya Tanzania. Tawi la pili, la magharibi, ndilo lenye maziwa ya Albert, Edward, Kivu, Tanganyika na Rukwa. Miamba ikisukumana na kushikana kwa miaka mingi, mwisho huteleza ghafula, kama vile fimbo ikunjwavyo polepole ikavunjika mara moja. Mshindo ule ndio tuusikiao juu kama tetemeko. Na baada ya mshindo mkubwa, miamba huendelea kujiweka sawa kwa siku nyingi, na kila ijiwekapo, nchi hutikisika tena kidogo.

Wala Bukoba si mahali pa kwanza. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilitokea upande wa Rukwa, nalo lahesabiwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyopimwa katika Afrika ya Mashariki katika karne ile. Tarehe 6 Januari 1928 nchi ya Subukia huko Kenya ilipasuka. Tarehe 20 Machi 1966 watu zaidi ya 150 walikufa huko Toro, magharibi ya Uganda. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko liliupiga mji wa Bukavu na upande wa Rwanda uliopakana nao, nao wengine waliangukiwa wakiwa katika ibada. Na mjue kwamba kila hatua moja ya kipimo hicho huzidisha nguvu kiasi cha mara 32. Kwa hiyo lile la Rukwa lilikuwa na nguvu zaidi ya mara 100 kuliko lile la Bukoba. Kumbe basi Bukoba ilipigwa na tetemeko la kadiri tu, wala si la kutisha kwa vipimo vya dunia. Lakini tazameni hasara yake. Kwa nini? Jibu liko katika nyumba, nasi tutalifikia.

Tuanze na maisha ya watu. Wanafunzi wetu watokao Kagera wametusimulia habari za siku zile, na masimulizi yao yapatana. Usiku wa kwanza hakuna aliyethubutu kulala ndani, hata yule ambaye nyumba yake ilisimama nzima. Watu walitoa mikeka na magodoro, wakalala chini ya migomba, na uwanjani, na kando ya barabara. Kila nchi iliposhtuka tena, watoto walilia na mbwa wakabweka. Kulipokucha, kila mtu alikwenda kuitazama nyumba yake kwa macho mapya: huyu aona ufa juu ya mlango, huyu aona pembe mbili za kuta zimeachana, huyu haoni nyumba, aona chungu ya matofali na mabati yaliyojikunja.

Lakini tumbo halingoji matanga yaishe. Mama wa nyumba aliokota mafiga matatu akayapanga nje, akateleka ndizi na maharage kama jana. Jiko likawa uani, na chumba cha kulala kikawa turubai lililofungwa kwenye migomba. Soko liliendelea, maana mwenye ndizi lazima auze, na asiye na nyumba lazima ale. Waliokuwa na visima vizima waliwapa maji waliokosa. Vyama vya kuzikana, ambavyo huko Kagera ni desturi yenye nguvu, vilikuwa na kazi mara mbili: kwanza kuzika, kisha kuwasaidia waliobaki kufukua vyombo vyao. Na lililo zito katika siku hizo ni mvua. Bukoba ni mji wa mvua nyingi kuliko Tabora; na mvua za vuli zilikuwa karibu kuanza. Turubai lifaalo kwa umande halifai kwa mvua ya ziwani, iletayo upepo pamoja nayo. Kwa hiyo watu wengi walirudi kulala katika nyumba zenye nyufa, si kwa sababu waliziamini, bali kwa sababu walikosa pa kwenda. Mwenye watoto watatu wenye kukohoa alichagua kati ya mvua iliyo hakika na tetemeko lisilo hakika. Tusimlaumu.

Wapangaji nao walipata taabu ya namna yao. Nyumba zikianguka, vyumba vizima huwa vichache, na kitu kikiwa kichache bei yake hupanda. Mwenye nyumba alikuwa na hasara ya ukuta, lakini kiwanja chake kilibaki. Mpangaji hakuwa na ukuta wala kiwanja, wala jina lake halikuandikwa popote kuwa ameharibikiwa na nyumba. Wale wapangao msaada katika msiba mwingine wowote na walikumbuke jambo hili: waliopoteza makao ni wengi kuliko waliopoteza majengo yaliyo mali yao.

Kisha kuna watoto wa shule. Serikali iliwaondoa wanafunzi wa Ihungo na Nyakato, na mahali pengi madarasa yaliyopasuka yaliachwa tupu, mafunzo yakafanywa chini ya miti na katika mahema. Watahiniwa wa kidato cha nne walikuwa na mtihani wao mwezi wa Novemba, wala hesabu na Kiingereza havikupunguzwa kwa ajili yao. Sisi walimu twajua kazi ya kufundisha nje ilivyo: upepo wachukua karatasi, jua lahama na darasa lahama nalo, na mtoto wa nyuma hasikii. Juu ya hayo, mtoto aliyeona ukuta ukianguka hushtuka hata gari kubwa likipita. Mwalimu mwema wa siku zile hakuanza na ubao. Alianza kwa kuwaacha watoto waseme waliyoyaona, kisha akawafundisha kwa nini nchi hutikisika. Maarifa hayaondoi hofu yote, lakini hofu iliyo na jina ni nyepesi kuliko hofu isiyo na jina.

Hata Novemba ilipofika, senene nao wakaja kama desturi yao. Watu waliolala chini ya maturubai walitoka na taa na mifuko usiku kuwakamata, wakakaanga, wakala, wakauza. Mtu wa mbali angeweza kustaajabu kwamba watu wenye msiba wafurahia senene. Sisi twaona hivyo ndivyo mji unavyopona. Mji haungoji nyumba ya mwisho ijengwe ndipo uanze kuishi. Huishi kwanza, na kwa nguvu ya kuishi huko ndipo hupata kujenga.

Basi tuje kwenye kujenga. Hapo lilizuka neno lililowagawa watu, nalo si neno dogo: ni nani atakayejenga? Michango ilikuwa imekusanywa katika Tanzania nzima, na mataifa mengine yalitoa msaada. Wengi waliokuwa wameangukiwa walitumaini kwamba kila mmoja atapata matofali na mabati ya nyumba yake. Mapema Januari 2017 Rais John Magufuli alifika Bukoba, akawaambia watu waziwazi kwamba Serikali haikulileta tetemeko, kwamba itarudisha majengo ya watu wote, kama shule na mahali pa matibabu, bali nyumba ya mtu binafsi ataijenga mwenyewe. Maneno hayo yalikuwa makavu, na wako walioumia mioyo, wakisema: Fedha zilichangwa kwa jina letu, mbona hatuzioni mikononi? Wako wengine waliosema: Angalau sasa tumejua, heri kujua kuliko kungoja.

Sisi hatukai barazani kuwahukumu. Twaona haki mbili zilizokutana njiani. Shule ikijengwa hufaa watoto wa miaka mingi, wala mtu mmoja hawezi kuijenga peke yake. Ihungo ilijengwa tena kwa fedha za msaada kutoka Uingereza, na Januari 2021 ilifunguliwa rasmi, madarasa na mabweni yakiwa mapya. Lakini mjane mwenye chumba kimoja kilichoanguka naye hakuwa na nguvu ya kuanza. Funzo la hakika ni hili: msaada unapokusanywa, na ielezwe tangu siku ya kwanza, kwa maneno ambayo kila mtu ayafahamu, utatumika kwa kazi gani, ili mwenye kungoja asingoje bure, na mwenye kujenga aanze mapema.

Ikawa watu wakajenga. Kazi ya kwanza haikuwa kununua, ilikuwa kuokota. Watu walipekua vifusi wakitafuta matofali mazima, wakayagonga kwa panga kuondoa udongo wa zamani, wakayapanga safu safu. Bati lililojikunja lilinyoshwa kwa nyundo. Mlango na madirisha vilihifadhiwa kwa jirani. Kisha akatafutwa fundi mwashi. Na mafundi wakawa watu wakubwa, maana mji mzima uliwahitaji kwa wakati mmoja. Mwenye akiba alijenga upesi. Mwenye kahawa alingoja msimu wa kuuza. Asiye na kitu alijenga chumba kimoja, akahamia, akaongeza cha pili mwaka uliofuata.

Na hapo, ndugu zetu, ndipo palipo hatari kubwa kuliko tetemeko lenyewe. Mtu mwenye haraka, aliyechoka na mvua, hujenga nyumba ile ile iliyomwangukia, kwa matofali yale yale, kwa udongo ule ule. Twajua mithali isemayo: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni mithali ya kweli, lakini katika habari ya matetemeko yataka uangalifu. Kuna ufa wa lipu, ulio mwembamba kama uzi, nao hauna neno. Kuna na ufa uanziao kwenye pembe ya dirisha, ukashuka kama ngazi kati ya tofali na tofali, hata mkono waingia. Ufa huo ukizibwa kwa lipu na kupakwa chokaa, umefichwa tu, haukuponywa. Mwenye nyumba hulala usingizi akiutazama ukuta mweupe, na ndani ukuta umekatika. Ufa wa namna hiyo wataka ukuta ubomolewe na kujengwa upya.

Tuulize sasa kwa nini nyumba zilianguka kwa tetemeko la kadiri. Nyumba husimama kwa uzito wake: tofali lalalia tofali, na paa lalalia ukuta. Uzito washuka chini, na ukuta waweza kuuchukua. Lakini tetemeko halisukumi chini tu; huvuta ukuta kwa upande, huku na huku, mara nyingi kwa muda mfupi. Tofali zito lililoshikanishwa kwa udongo mtupu halina kitu cha kulizuia lisiteleze. Kuta nne zisizofungwa pamoja hucheza kila mmoja peke yake, zikaachana kwenye pembe, zikaangukia nje, na paa likashuka ndani. Na ile sehemu ya ukuta iliyo na pembe tatu, juu, chini ya mwisho wa paa, ndiyo huanguka kwanza, maana imesimama peke yake bila kushikwa. Tena ardhi laini, ya bondeni au ya kujazwa, hutikisika zaidi kuliko mwamba.

Wazee wa Kihaya walijenga msonge, nyumba ya duara ya miti na majani, tangu juu hata chini. Nyumba ile huweza kuungua, na huvuja ikichakaa, lakini nchi ikitikisika huyumba ikarudi, wala haina cha kumponda mtu. Hapa kwetu Unyanyembe wazee walijenga tembe, ya miti na udongo, na juu yake dari ya udongo mzito. Kwihara bado liko tembe lililohifadhiwa kwa ukumbusho wa Livingstone. Tembe ni baridi wakati wa jua, nalo halishiki moto upesi, lakini paa lake zito ni hatari nchi ikitikisika. Hatusemi turudi kwenye msonge, wala hatusemi tulikatae tofali. Twasema kila namna ya nyumba ina adui wake, na mwenye kubadili nyumba na amjue adui mpya.

Dawa yake si ya matajiri peke yao. Mambo ni matano, nayo twaomba kila mwanafunzi ayaandike daftarini. Kwanza, msingi uchimbwe mpaka ardhi ngumu, usiwekwe juu ya udongo wa kujazwa. Pili, matofali yachomwe yakaiva; yagonge mawili pamoja, yakilia kama chuma yameiva, yakitoa sauti ya kizito na kumeguka hayafai. Tatu, kwenye pembe matofali ya ukuta huu yaingiliane na ya ukuta ule, na yashikanishwe kwa saruji na mchanga. Nne, juu ya milango na madirisha, ukuta mzima uzungushwe mkanda wa zege wenye nondo ndani yake, ambao mafundi huuita lenta. Mkanda huo ndio ufungao kuta nne zikawa kitu kimoja, kama pete ya chuma ifungavyo pipa. Usikatwe mahali popote; lenta iliyowekwa juu ya mlango tu si mkanda, ni kipande. Tano, mbao za paa zifungwe kwenye mkanda huo kwa waya au chuma, na paa liwe jepesi.

Twajua mtakalojibu: Saruji ni ghali, na nondo ni ghali. Ni kweli. Lakini tumeona watu wakijenga vyumba vinne bila lenta ambao wangaliweza kujenga viwili vyenye lenta. Tumeona fedha ya nondo ikinunua bati la rangi. Bati huonekana na majirani wote. Lenta, ikishapigwa lipu, haionwi na mtu. Hiyo ndiyo shida yenyewe: kitu kimwokoacho mtu ndicho asichosifiwa kwacho. Baba wa nyumba atachagua sifa ya leo au uhai wa wanawe siku asiyoijua.

Mataifa mengine yamepita njia hii. Tarehe 1 Septemba 1923, karibu na saa 6 mchana, tetemeko kubwa liliupiga mji wa Tokyo katika nchi ya Japani, wakati watu walipokuwa wakipika chakula cha mchana. Moto ulitoka katika meko zilizoanguka, ukaenea katika nyumba za mbao, na watu zaidi ya 100,000 wakafa. Mwaka uliofuata Wajapani waliingiza katika sheria ya majengo yao hesabu ya nguvu ya tetemeko. Na tangu mwaka 1960 kila tarehe 1 Septemba imekuwa siku ya kujizoeza, watoto kwa wazee, namna ya kujiokoa. Matetemeko hayakukoma Japani. Yaliyobadilika ni nyumba na mazoea ya watu.

Nasi wa Tabora? Wenye elimu ya miamba watuambia kwamba nchi yetu iko juu ya mwamba wa kale sana, kati ya yale matawi mawili ya Bonde la Ufa, na kwa hiyo hatari yetu ni ndogo kuliko ya Kigoma au ya Rukwa. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini ndogo si sawa na hakuna. Na tena vijana wetu hawakai Tabora maisha yote. Mwalimu afunzwaye hapa leo atapelekwa kesho Kasulu, au Sumbawanga, au Misenyi, naye ndiye atakayeombwa na wanakijiji asimamie ujenzi wa darasa. Darasa hilo hujengwa mara nyingi kwa msaragambo: huyu aleta mchanga, huyu kokoto, huyu maji. Ni desturi njema sana, nasi twaipenda. Lakini msaragambo usio na mtu ajuaye lenta waweza kujenga, kwa moyo safi na jasho la kijiji kizima, mtego wa watoto 60.

Kwa hiyo twawaomba mambo machache. Wanakijiji, mkijenga shule au zahanati, mwulizeni fundi wenu mbele ya watu wote: Mkanda wa zege uko wapi, na nondo ziko wapi? Msione haya, fundi mwema hafichi kazi yake. Walimu, wafundisheni watoto mara moja kila muhula: nchi ikitikisika, aliye karibu na mlango wa nyumba ya chini atoke mara moja mpaka uwanjani, mbali na kuta na nguzo za umeme, aliye mbali na mlango aingie chini ya dawati imara akashike miguu yake, mbali na dirisha, wala watu wasisukumane mlangoni. Akina mama, nchi ikitulia, zimeni moto kwanza. Na ninyi nyote, msirudi ndani kutafuta mali kabla ya kuzikagua kuta, maana mtikisiko wa pili huangusha kile ambacho wa kwanza ulikilegeza. Wanafunzi, jioni hii zungukeni nyumba zenu, mtazame pembe za madirisha, na mkiona ufa ushukao kama ngazi, mwambieni baba au mjomba kwa adabu.

Watu wa Bukoba walilipa ada kubwa kwa mafunzo haya: roho za watu, na nyumba zilizojengwa kwa akiba ya maisha mazima. Wao wenyewe wameendelea. Watoto wameketi katika madarasa mapya ya Ihungo, na sokoni ndizi zauzwa kama zamani. Itakuwa aibu kwetu kuyapata mafunzo yale bure kisha tusiyatumie.

Haya ndiyo tuliyokuwa nayo leo. Kwa herini, ndugu wasikilizaji, na Mungu azilinde nyumba zenu na wote walalao ndani yake.